Maswali Yenu: Vitabu vya Maarifa kwa Watoto

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zahusu vitabu vya watoto visivyo vya hadithi: vya wanyama, nyota, historia, mitambo, mwili wa binadamu. Barua tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha sana.

Kijana wangu ana miaka tisa. Nimemnunulia kitabu cha viumbe vya baharini. Afungua, atazama picha, afunga. Nikimketisha asome kuanzia ukurasa wa kwanza, akifika wa tatu asinzia. Kitabu chenyewe si cha bei rahisi. Nifanyeje? (Mama, Langoni, Lamu)

Usimwanzishe ukurasa wa kwanza, mama. Hadithi huanza mwanzo kwa sababu ukiruka kurasa utapotea. Kitabu cha maarifa ni kama duka: mtu huingia na haja yake, akaenda kwenye rafu inayohusika, akatoka. Kijana anayeanza na picha yuko sawa kabisa. Kinachokosekana ni haja ya kumwingiza dukani.

Kwa hiyo anzeni na swali kabla kitabu hakijafunguliwa. Liwe dogo, lenye jibu. "Kasa hutaga mayai mangapi kwa mara moja?" ni swali zuri. "Niambie habari za kasa" si swali, ni kazi ya kutwa. Akisie kwanza na kukisia kwake akuandikie. Mtoto aliyeandika 10 kisha akakuta kitabuni kwamba yanapita 100 hatasahau. Angeisoma tu sentensi hiyo, ingempita.

Halafu mpeleke mwisho wa kitabu, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti yenye namba za kurasa. Watoto wengi hawajui kama ipo. Mwonyeshe mambo mawili. La kwanza: neno lisipoonekana, litafutwe kwa jina la jamaa yake, "kasa" huenda amewekwa chini ya "watambaazi". La pili: namba moja, tuseme 11, kwa kawaida ni mahali neno limetajwa kwa kupita, lakini 24–27 ndipo habari yenyewe ilipo. Aanze na hizo zilizofuatana.

Akifika ukurasani asome kichwa, picha, maelezo mafupi yaliyo chini ya picha, kisha ndipo aya. Akishapata jibu afunge kitabu, aandike sentensi moja kwa maneno yake na namba ya ukurasa. Kufunga ni lazima. Kitabu kikiwa wazi mkono hunakili na kichwa hulala. Kikao chote dakika 20, si zaidi.

Yanayoharibu ni haya. Vitabu vingine vya bei nafuu havina faharasa. Itengenezeni: mchague maneno 20, mpekue kitabu pamoja, muandike namba za kurasa kwenye ukanda wa karatasi, muubandike ndani ya jalada la nyuma. Kitabu cha kurasa 48 hula mchana mmoja, na ukimalizika kijana anakijua kitabu kuliko aliyekisoma mara tatu. Jingine ni visanduku vya "Je, wajua?". Watoto hupenda hivyo tu, na aghalabu hutaja jambo bila kulieleza. Kikisema joto la mchanga ndilo linaloamua kama vifaranga vya kasa watakuwa wa kike au wa kiume (ni kweli: mchanga wa moto zaidi huleta majike), muulize mchanga wa sehemu gani ya ufuo una moto zaidi, kisha mtafute kama kitabu kinajibu. Kisipojibu, atie alama ya penseli pembeni. Ukurasa wenye alama nyingi ni ukurasa dhaifu, na huyo ameanza kujua hivyo mwenyewe.

Na usiulize wewe kila siku, ikageuka mtihani. Siku moja yeye, siku moja wewe, na wewe pia utafute faharasani mbele yake.

Nitajuaje kitabu kinalingana na mtoto? Majalada mengine yameandikwa "miaka 7–11", mengine hayana kitu. (Msomaji, Mokowe)

Usiuamini sana umri wa jaladani, ni wa duka. Mfungulie ukurasa wa katikati wenye maneno mengi, asome kwa sauti, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu ni kigumu kwa kusoma peke yake, ila chaweza kuwa kizuri sana cha kusomewa. Asipokunja hata kimoja, angalia kama kuna jambo jipya ndani. Maneno mepesi si kosa. Katika vitabu vya maarifa ongeza kipimo kimoja: maneno ya fani, kama "mapezi" au "mzingo", usiyahesabu iwapo yameelezwa palepale au kwenye sherehe (orodha ya maneno na maana zake) iliyo nyuma. Hayo ndiyo aliyoyafuata.

Nimepata ensaiklopidia ya watoto ya mitumba, juzuu kumi na mbili, picha nzuri, bei ya kutupa. Imeandikwa Uingereza. Nitajuaje kama bado yasema kweli, na kama yatufaa sisi wa huku? (Baba wa wawili, Maweni, Malindi)

Maswali yako ni mawili, na la pili ndilo watu wasiloliuliza.

Kweli yake kwanza. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, palipo na hakimiliki. Usidanganyike na mwaka wa mwisho. "Kimechapwa tena" maana yake ni maneno yaleyale kwa wino mpya. "Toleo lililosahihishwa" ndilo lililoguswa. Kitabu chaweza kuonyesha 2004 na moyo wake ukawa wa 1982. Kwa hiyo kipime kwa kurasa zinazozeeka upesi. Sayari zikiwa tisa, maandishi ni ya kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipotolewa katika hesabu. Sasa ni nane. Sudan ikiwa kipande kimoja, ramani ni ya kabla ya Julai 2011. Kenya ikiwa na mikoa minane, ni ya kabla ya katiba ya 2010 na kaunti zake 47. Jedwali la elementi lisilofika 118 limepitwa. Nne za mwisho kuongezwa zilipewa majina 2016. Dinosaria wote wakiwa vipara kama mijusi, bila hata mmoja mwenye manyoya, wachoraji walichora kabla ya habari za visukuku vya China vya 1996 kuenea. Idadi ya miezi ya Mshtarii na Zohali usiiamini katika kitabu chochote, hata cha mwaka jana. Hubadilika kila darubini zinapoboreshwa.

Kuna yasiyozeeka. Moyo una vyumba vinne na mtu mzima ana mifupa 206, leo na kesho. Nyenzo, kapi, mzunguko wa maji, kuota kwa mbegu, vyote viko palepale. Juzuu za mwili, mimea na mitambo ziweke rafuni. Za anga na za nchi zisomwe kwa penseli mkononi, na watoto ndio wawe wahariri: wakikuta kosa, waandike sahihi na mwaka kwenye kikaratasi wabandike pembeni. Kosa lisifutwe. Kuona kwamba wataalamu walisema tisa kisha wakasema nane, na kwa nini, ni somo lisilopatikana katika kitabu kipya.

Juzuu ya historia ishughulikie peke yako kwanza. Tafuta Malindi faharasani. Ikisema Vasco da Gama "aligundua" pwani hii, mweleze mtoto kwamba Aprili 1498 alikuta mji wenye sultani na biashara ya ng'ambo, na kwamba rubani wa kumvusha hadi India alimpata hapahapa Malindi. Miaka 83 nyuma, 1415, wajumbe wa Malindi walikwisha kupeleka twiga kwa mfalme wa China. Vitabu vingi vya zamani vitakuambia rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu. Wanahistoria wengi sasa hawakubali. Kisha tazama Gedi, magofu ya mji wa mawe karibu na Malindi. Maandishi ya kale huisimulia miji ya mawe kama kazi ya wageni. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, ulionyesha msikiti wa karne ya 8 uliojengwa upya mara nyingi palepale, katikati ya mji wa wenyeji, kuanzia miti na udongo hadi mawe ya matumbawe. Juzuu isiyojua hayo si ya kutupwa, lakini isimfikie mtoto bila wewe kuwa karibu.

Sasa la kutufaa. Jambo laweza kuwa kweli London na likampoteza mtoto Malindi. Ukurasa wa majira utasema misimu ni minne, na Juni mchana ni mrefu. Hapa kuna kaskazi na kusi, mvua za mwaka (masika) na za vuli, na urefu wa mchana mwaka mzima hautofautiani hata kwa nusu saa. Ukurasa wa mwezi utachora hilali imesimama wima kama mundu ulioshikwa mkononi. Mtoto akitoka nje jioni ya mwezi mwandamo ataiona imelala kama dau, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Wachoraji walichora kilichoko kwao; waulize watoto wachore kilichoko kwenu na wabandike mchoro wao juu ya ule.

Kivuli ndiyo kipimo kitamu kuliko vyote. Kitabu cha Uingereza kitasema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini siku zote. Simamisheni fimbo ya mita moja, wima sawasawa (funga jiwe kwenye uzi, ndiyo timazi yenu), mtie alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Malindi, karibu Machi 12, saa sita unusu hivi mchana, kivuli hupotea kabisa. Hurudia karibu Oktoba 1, saa sita na dakika kumi hivi. Kati ya siku hizo, miezi yote ya kusi, kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, kinyume na kitabu. Msishangae kwamba hakikupotea saa sita kamili: saa za Kenya zimepangwa kwa jua la mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Malindi iko kwenye 40. Kosa la kawaida ni fimbo iliyoinama. Hata nyuzi mbili zatosha kuharibu kipimo.

Na ukikuta ukurasa unaodai maji ya sinki huzunguka upande mmoja kaskazini mwa ikweta na upande wa pili kusini, ujaribuni mara kumi. Mtapata pande zote mbili. Mzunguko wa dunia hugeuza dhoruba za kilomita mamia, hauna habari na beseni.

Kabla hujaifunga juzuu ya anga, mwambie mtoto mkubwa atafute "Uhuru" faharasani. Ni setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, ikarushwa Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini hapo Ngomeni. Mara nyingi haimo. Basi wana kikaratasi kingine cha kubandika.

Wajukuu wangu wana vitabu vya sayansi vya Kiingereza. Mimi nasoma Kiswahili na Kiarabu. Wakiniuliza nawaambia ngojeni mamenu. Naweza kuwasaidia? (Bibi, Siyu)

Bibi yetu, katika kurasa nyingi za vitabu hivyo wewe ndiye kamusi. Mtoto asome jina la Kiingereza, wewe utazame picha, useme jina la kwenu, naye aliandike kwa penseli kwenye kikaratasi chenye gundi hafifu pembeni ya picha. Ng'amba na kasa Kiingereza huwaita kwa neno moja la jumla kisha huongeza sifa. Kwako ni majina mawili tangu mwanzo, na sababu unaijua: wa kwanza alitafutwa kwa gamba, wa pili kwa nyama. Maji kujaa na kutoka wao wameeleza kwa mchoro wa jua na mwezi. Wewe una bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Mtoto ahesabu siku: bamvua ziko karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu mwezi ukiwa nusu. Halafu akuonyeshe kwenye mchoro kwa nini: jua na mwezi zikivuta kwa mstari mmoja maji hupanda zaidi. Hapo kila mmoja amemfundisha mwenzake.

Ukurasa wa nyota vilevile. Wakikuta lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, hicho ni Kilimia, na Waswahili walikwisha kukitungia methali: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kitabu kitawaambia kundi hilo hupotea katika mwanga wa jua mnamo Mei, kisha huonekana tena alfajiri. Waulize Mei huku kwetu ni wakati wa nini.

Jambo moja la kuangalia, kwa kuwa una Kiarabu. Vitabu vingine vya Kiswahili vinaiita sayari iliyo karibu zaidi na jua Zebaki. Jina la kale ni Utaridi, unalijua. Zebaki ni madini yale ya majimaji ya kipimajoto. Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili na mtafsiri akateleza. Watoto wajue yote mawili, mtihani hauchagui.

Binti yangu hataki kitabu ila cha dinosaria. Nimwachishe? (Baba, Shella, Malindi)

Usimwachishe. Mtoto anayekariri majina marefu kama yale anajizoeza kupanga viumbe kwa makundi, na hiyo ni nusu ya biolojia. Mpanue tu kutoka humohumo. Aulize kila dinosaria alichimbwa wapi, atie alama kwenye ramani. Atafika Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, pwani hiihii, ambako kati ya 1909 na 1913 mifupa ilibebwa na wapagazi vichwani hadi bandarini. Mmoja wao amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Pima mita 13 ukutani kwa nje, uone nyumba yenu itafika wapi. Baada ya hapo atataka kujua kwa nini mifupa iko Berlin, na hicho ni kitabu cha historia.

Darasa langu la Gredi ya 4 lina watoto 45, vitabu vya maarifa ni sita tu. Pia tungependa kutunga kitabu chetu cha mikoko, maana vilivyopo havitaji hata miti ya hapa. Tuanzeje? (Mwalimu, Faza)

Vitabu sita tofauti ni bora kuliko nakala sita za kimoja, mwalimu. Gawanya makundi sita, matatu yawe ya watoto wanane na matatu ya saba. Ndani ya kila kitabu tia kadi yenye swali moja linalojibika kwa kitabu hicho. Kipindi ni dakika 35: dakika 12 kitabu cha kwanza, makundi yabadilishane, dakika 12 cha pili, zilizobaki za kusikiliza. Vipindi vitatu na kila mtoto amevipitia vyote sita. Katika kila kundi mmoja ashike faharasa, mmoja asome, mmoja aandike, wengine wathibitishe picha. Bila kazi, watoto wanane kwenye kitabu kimoja ni ugomvi wa viwiko.

Sasa kitabu chenu. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati ni kurasa 16 za A5, pamoja na jalada la manila. Tumia karatasi ya gramu 80. Nyembamba zaidi wino hutokea nyuma. Kumbuka kanuni moja, la sivyo kurasa zitavurugika: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi moja jumla yake ni 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata 14 na 3, 4 na 13. Kisha 12 na 5, 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, 8 na 9. Andika namba kwa penseli kabla mtoto yeyote hajagusa kalamu. Nafasi ya sentimita 2 iachwe wazi kwenye mkunjo. Rasimu zote ziwe kwenye daftari kwanza, maana mtoto akiharibu ukurasa wa 5 ameharibu na wa 12, na wa nyuma yao.

Ukurasa wa 1 jina, wa 2 yaliyomo, wa 14 sherehe, wa 15 faharasa, wa 16 waandishi. Kumi na moja za katikati ndizo za mikoko, na hapa jihadhari: watoto wakiachiwa wataandika "mikoko ina faida nyingi" kurasa zote kumi na moja. Kila ukurasa ujibu swali moja lililopimwa au kuulizwa. Mkoko na mchu zimetofautianaje kwa mizizi? Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu huchomoza mizizi kama penseli kutoka topeni, ya kuvuta hewa. Wachore, na kando ya mchoro waweke penseli halisi kwa kipimo. Picha isiyo na kipimo haimwambii msomaji kitu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, kisha huanguka kama mkuki: ina urefu gani? Wapime kumi. Mkomafi matunda yake yana ukubwa gani? Fito, pau, mazio, boriti (miti ya mikoko ya kujengea): wamuulize fundi wa jengo tofauti, wapime vipenyo wenyewe. Kisha waingie nyumba ya kale ya mawe wapime upana wa chumba. Kwa kawaida haufiki mita 3, na jibu la "kwa nini" liko juu ya vichwa vyao: boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi bila kulegea. Ukurasa huo mmoja utauzidi utangulizi wowote.

Kushona: panga karatasi, funga na vibanio vya nguo, toboa kwa msumari mwembamba matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati (sentimita 10.5) na mawili sentimita 3 kutoka kila ncha. Ukiyasogeza ukingoni zaidi karatasi huchanika. Uzi sentimita 60, upitishwe kwenye mshumaa. Ingia kwa ndani tundu la katikati utokee nje, panda juu uingie ndani, shuka moja kwa moja ukipita la katikati hadi la chini utokee nje, rudi katikati uingie. Sasa ncha mbili ziko ndani, moja kila upande wa ule uzi mrefu. Funga fundo juu yake. Uzi uvute kwa kufuata mkunjo, usiuvute kuja kwako. Ukikosea hapo tundu hupasuka, na hilo ndilo kosa la kila darasa. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo ukingoni. Zikate kwa kisu na rula ya chuma mwisho, si mwanzo.

Mbona vitabu vya watoto vingi vina kurasa 32? (Msomaji, Shela, Lamu)

Sababu ni hiyohiyo ya karatasi ya mwalimu wa Faza. Kiwandani karatasi kubwa hupigwa chapa kurasa nane kila upande, ikikunjwa ni 16. Mbili ni 32, tatu ni 48. Mwandishi mwenye maneno ya kurasa 35 atapunguza tatu.

Sanduku la vitabu vya maktaba yetu ndogo limeingia maji ya bahari mashuani. Vimeanikwa juani na sasa kurasa zimeshikana kama ubao. Vipo vingine bado vibichi. Kuna la kufanya? (Mtunza vitabu, Kizingitini)

Vilivyoshikana vimeshikana. Karatasi inayong'aa, ambayo ndiyo ya vitabu vya picha, ina tabaka la udongo mweupe na gundi. Ikilowa huwa ute, ikikauka imegandamana na ya jirani. Kuloweka tena huokoa mara chache, na kubandua kwa kisu hakuokoi kamwe. Tumia muda kwa vilivyo vibichi, na leo.

Kwanza vioshe chumvi. Inashangaza, lakini kitabu kilicholowa maji ya bahari huoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kikiwa kimefungwa na kubanwa kwa mikono, kwenye beseni safi, maji yabadilishwe mara mbili. Chumvi ikibaki huvuta unyevu wa hewa kila siku na kitabu hakikauki. Kamua kwa kubana taratibu, usisokote.

Kisha tenganisha kurasa zing'aazo zikiwa bado na maji, na kati ya kila moja tia karatasi nyororo isiyoshika, kama ile ya kuokea keki. Kazi hii ifanywe kabla ukurasa haujaanza kukauka ukingoni. Vya karatasi ya kawaida vyahitaji kipande cha tishu kila baada ya kurasa kumi, kibadilishwe kikilowa. Gazeti usitumie, wino wake huhama. Visimamishe wima, vifunguke kama feni, kivulini penye upepo. Jua hukunja majalada na kufifisha rangi, tena hukausha nje na kuacha ndani majimaji.

Kuvu huanza baada ya saa 48 hivi. Kama vitabu ni vingi kuliko mikono, tafuta friza ya samaki. Funga kila kitabu peke yake kwenye mifuko miwili ya nailoni, vigandishwe, kisha utoe viwili viwili kwa kadiri unavyoweza kuvishughulikia. Ukitoa kitabu kikavu kwenye friza (wengine hugandisha vikavu kwa wiki mbili kuua wadudu) usikifungue mfuko mpaka kesho yake, ama umande utakilowesha upya.

Vikirudi rafuni, rafu isiguse ukuta. Mawe ya matumbawe hufyonza unyevu. Acha sentimita 5 nyuma, na ubao wa chini uinuke sentimita 15 kutoka sakafuni, hapo pia utaiona njia ya mchwa ya udongo kabla haijafika kwenye vitabu. Visibanwe sana. Na safari ijayo ya mashua, sanduku liwe la plastiki lenye mfuniko, vitabu vilale bapa, mfuniko uzungushiwe utepe, na sanduku liwe katikati ya chombo, mbali na ngama, pale maji yanapojikusanya chini ya chombo.